Sauti Pasipo Mwili, Mwili Pasipo Sauti: Usemi wa Mwanamke Mweusi katika Vichekesho vya Televisheni vya Marekani

Mnamo mwaka 1944 wasikilizaji wa redio nchini Marekani walianza kumsikia mtumishi wa nyumbani aitwaye Beulah katika kipindi cha vichekesho cha Fibber McGee and Molly. Sauti yake, kicheko chake na namna alivyoyavuta maneno vilimtambulisha papo hapo kuwa mwanamke Mweusi, na waliokuwa majumbani mwao hawakuwa na sababu ya kushuku. Lakini wale waliokuwa wameketi studioni walikuwa na kichekesho chao cha ziada. Msemaji alisimama akiwapa mgongo. Zamu yake ilipowadia aligeuka ghafla kuikabili maikrofoni, na hapo wakaona kwamba Beulah ni mwanamume, tena Mzungu, jina lake Marlin Hurt. Watu waliangua kicheko kabla hata ya mzaha wenyewe kufika.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu kinadokeza jambo ambalo wahakiki wengi wa vichekesho vya televisheni hulipita haraka. Uhakiki uliozoeleka huuliza kama taswira ya mwanamke Mweusi ni nzuri au mbaya: je, ni mjakazi au ni wakili? Ni mnene au ni mwembamba? Ana mume au hana? Maswali hayo yana haki yake, na Patricia Hill Collins, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu fikra za wanawake Weusi wa Marekani, alionyesha kwa kina jinsi taswira chache zinavyorudiwarudiwa ili kuhalalisha dhuluma: yaya mwaminifu, mama mwenye kutawala nyumba, mwanamke asiye na staha. Hata hivyo mwanaisimu hana budi kuuliza swali jingine. Huyu mwanamke anasema na nani? Anasema kwa lugha ya nani? Na akibaki peke yake, anasemaje? Dai la makala haya ni kwamba historia ya mwanamke Mweusi katika vichekesho vya Marekani hueleweka vizuri zaidi tukifuata mabadiliko ya msikilizaji wake kuliko tukifuata mabadiliko ya kazi yake au mavazi yake.

Turudi kwa Beulah. Alipendwa hata akapewa kipindi chake mwenyewe mwaka 1945. Hurt alifariki 1946, na baada yake Mzungu mwingine, Bob Corley, akaishika nafasi hiyo kwa muda. Ni mwishoni mwa 1947 ndipo nafasi ya mwanamke Mweusi ilipopewa mwanamke Mweusi, naye ni Hattie McDaniel, ambaye mwaka 1940 alikuwa Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar. Yasemekana McDaniel aliikubali kazi hiyo kwa sharti kwamba asilazimishwe kutumia lahaja ile ya kubuniwa. Sharti hilo lina maana kubwa. Mtu aliyezaliwa na Wamarekani Weusi, mwenye lugha yao kinywani, alilazimika kujihami dhidi ya lugha iliyodaiwa kuwa yake. Kipindi kilipohamia televisheni mwaka 1950 mhusika aliigizwa kwanza na Ethel Waters na baadaye na Louise Beavers, McDaniel akishiriki kwa muda mfupi kabla ya maradhi kumzuia. Wote watatu walikuwa waigizaji wa sifa kubwa. Lakini waliyempokea walikuwa wamekwisha kutengenezewa: sauti ilitangulia, mwili ukafuata nyuma kuijaza.

Lahaja hiyo ya kubuniwa ilikuwa na sura gani? Ilijengwa hasa kwa kuvunjavunja matamshi na kwa kulitia neno moja mahali pa jingine, ili msemaji aonekane anataka kusema Kiingereza cha wakubwa na kushindwa. Huo ndio mtindo uliotia fora katika Amos 'n' Andy, kipindi ambacho redioni kiliigizwa na Wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, kabla ya kuhamia televisheni mwaka 1951 kikiwa na waigizaji Weusi. Haya yote hayana uhusiano mkubwa na lugha yenyewe. Wanaisimu wa baadaye walidhihirisha kwamba Kiingereza cha Wamarekani Weusi kina kanuni zake, na msomaji wa Kiswahili atazielewa upesi kuliko Mwingereza. Kitenzi 'be' kisichogeuzwa, kwa mfano, huonyesha mazoea: jambo ambalo mtu hulifanya mara kwa mara, si lile analolifanya sasa hivi. Sisi tuna kiambishi hu- kwa kazi hiyo hiyo, wala hatujaambiwa na mtu kwamba ni uvivu wa ulimi. Kadhalika kishirikishi hudondoshwa, kama sisi tunavyoweza kusema "huyu mwalimu" pasipo kutia "ni" katikati. William Labov alionyesha mwaka 1969 kwamba udondoshaji huo hautokei ovyo; hutokea pale ambapo Kiingereza sanifu huruhusu kishirikishi kifupishwe, na pasiporuhusiwa ufupisho hapana udondoshaji. Waigaji wa redio hawakuijua sarufi hii. Walichoiga ni dhana yao wenyewe ya ujinga.

Katika Amos 'n' Andy palikuwa na mke wa Kingfish, Sapphire Stevens, aliyeigizwa na Ernestine Wade. Kazi ya Sapphire ilikuwa kugomba. Mumewe mvivu na mlaghai alipoingia nyumbani, Sapphire alimpokea kwa maneno, na watazamaji walicheka kwa kumhurumia mume. Chama cha NAACP kilikipinga kipindi hicho tangu kilipoanza; kilikoma 1953, ingawa marudio yake yaliendelea kuonyeshwa hadi CBS ilipoyaondoa mwaka 1966. Jina la Sapphire, hata hivyo, halikuondoka. Limebaki kuwa jina la jumla la mwanamke Mweusi mwenye ulimi mkali, na hupachikwa hata wanawake ambao hawakuzaliwa wakati kipindi kilipokuwa hewani.

Hapa yafaa tukae kidogo, maana jambo hili linatugusa sisi tunaoshughulikia lugha na fasihi za Kiafrika. Ukali wa ulimi haukuwa uzushi mtupu. Miongoni mwa Wamarekani Weusi kuna sanaa ya maneno ambayo msemaji huielekeza kwa mtu mmoja huku akimkusudia mwingine, au husema jambo dogo huku akibeba jambo kubwa. Claudia Mitchell-Kernan aliichunguza sanaa hiyo huko Oakland, California, na kuchapisha matokeo yake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo utafiti mwingi ulikuwa ukiwasikiliza vijana wa kiume wa mitaani na mashindano yao ya matusi. Yeye aliwasikiliza wanawake pia, majumbani na katika mazungumzo ya kawaida, akaona kwamba wanaimudu sanaa hiyo kwa ustadi mkubwa. Mswahili wa pwani hahitaji maelezo marefu. Haya ni mafumbo na vijembe. Ni mwanamke anayenunua kanga kwa ajili ya jina lake, akajitanda na kupita mbele ya mlango wa jirani asitamke neno. Jirani akilalamika, ataambiwa ni kanga tu.

Mwenye kujua kanga anajua pia kwamba fumbo lina masharti. Linahitaji mlengwa anayeweza kulifumbua, na linahitaji mashahidi wanaojua kwa nini limesemwa leo na si jana. Sapphire alinyimwa vyote viwili. Aliachiwa ukali bila fumbo, na mlengwa wake akawa mume asiyestahili hata kujibiwa, na mashahidi wake wakawa watazamaji waliofundishwa kumwonea huruma huyo mume. Sanaa ikageuzwa tabia. Waandishi walichukua kilemba wakaacha kichwa. Ndiyo sababu neno la Kiingereza ambalo Wamarekani hulitumia kumsifu au kumdhihaki mwanamke Mweusi wa namna hii ni gumu kulitafsiri. Tukisema "mjuvi" tumemtukana. Tukisema "mwenye mdomo" tumemshutumu. Tukisema "fundi wa maneno" tumempa heshima ambayo neno la asili halimpi. Lugha yetu inatudai tuamue kama tunasimama upande wa msemaji au wa anayesemwa, na uamuzi huo ndio Amos 'n' Andy ilioukwepa.

Baada ya kelele ikaja simu. Mwaka 1968 NBC ilianza kuonyesha Julia, kipindi kilichobuniwa na Hal Kanter, Diahann Carroll akiwa Julia Baker, muuguzi aliyefiwa na mumewe katika vita vya Vietnam na anayemlea mwanawe Corey. Mwanzoni mwa kipindi Julia anaomba kazi kwa daktari kwa njia ya simu, na katika mazungumzo hayo inambidi amweleze daktari kwamba yeye ni Mweusi. Daktari anafanya mzaha, na kazi inapatikana. Mzaha huo ulipendwa, nao ni mzaha wa watu wema. Lakini tuutazame kwa sikio la mwanaisimu. Kwa nini ilimbidi aseme? Kwa sababu sauti yake haikumtambulisha. Miaka 24 baada ya Marlin Hurt kugeuka mbele ya maikrofoni, kisa kilikuwa kimepinduliwa kabisa. Mwanzo palikuwa na sauti ya mwanamke Mweusi isiyokuwa na mwanamke Mweusi ndani yake. Sasa palikuwa na mwanamke Mweusi ambaye sauti yake haikuwa na alama yoyote ya walikotoka watu wake.

Tusije tukaeleweka vibaya. Wako Wamarekani Weusi wengi waliozaliwa na kulelewa katika Kiingereza kama cha Julia, wala hakuna mwenye haki ya kuwapima Weusi wao kwa lafudhi. Lawama zilizomfikia Carroll wakati huo, kwamba Julia alikuwa Mzungu aliyepakwa rangi, zilikuwa na ukatili ndani yake, na zilimwangukia mwigizaji badala ya kuwaangukia waandishi. Tatizo la Julia halikuwa Kiingereza chake sanifu. Tatizo ni kwamba hakuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha nyingine. Dunia ya kipindi ilikuwa karibu yote ya Wazungu: daktari, jirani, wafanyakazi wenzake. Mtu wa namna hiyo hana mahali pa kubadili usemi, na asiyekuwa na mahali pa kubadili usemi hatuwezi kumjua kwa usemi wake. Tunamjua kwa adabu yake tu.

Miaka ya 1970 ilileta familia. Good Times, iliyoanza 1974, ilimtoa Florida Evans katika nyumba ya Wazungu alikokuwa mtumishi katika kipindi cha Maude, ikampeleka kwake, katika nyumba za serikali huko Chicago. Esther Rolle, aliyemwigiza, alishikilia kwamba Florida awe na mume ndani ya nyumba, na akapewa. Kwa mara ya kwanza mtumishi alisikika akizungumza na watu wake baada ya saa za kazi. Lakini kipindi kilivyoendelea kicheko kilihamia kwa mwana mkubwa, J.J., na vituko vyake. Rolle alilalamika hadharani kwamba kijana huyo amegeuzwa kikaragosi. Mwaka 1977 aliondoka, akarudi mwaka uliofuata. Twaweza kusema kwamba Florida alipata wasikilizaji wake kwa muda, kisha waandishi wakawageuza watazame upande mwingine. Juu ya Gimme a Break!, iliyomrudisha mwanamke Mweusi jikoni kwa Mzungu kuanzia 1981 hadi 1987, hatuna haja ya kusema mengi. Kipaji cha Nell Carter kilistahili zaidi ya hapo.

Badiliko kubwa lilitokea pale mwanamke Mweusi aliposhika kalamu. Living Single ilianza mwaka 1993, mbunifu wake akiwa Yvette Lee Bowser. Wanawake wanne wa Brooklyn wanakutana nyumbani: Khadijah mwenye gazeti lake, Synclaire binamu yake, Regine mpenda makuu, na Maxine wakili ambaye haishi hapo lakini chakula chake chote kimo humo. Girlfriends ya Mara Brock Akil, iliyoonyeshwa kuanzia 2000 hadi 2008, ilifuata mpango unaokaribiana na huo huko Los Angeles. Kilichobadilika hakikuwa hadhi ya wahusika tu. Kilichobadilika ni kwamba Sapphire alipata wenzake. Vijembe sasa vilirushwa kwa mtu anayeweza kuvirudisha, mbele ya mashahidi wanaojua mchezo. Maxine na Regine wanapopigana maneno hakuna mume wa kuonewa huruma. Kuna kupokea na kurudisha, na mtazamaji hucheka kwa sababu jibu limeshinda swali. Sanaa ilirudishiwa masharti yake.

Girlfriends iliongeza jambo jingine lenye thamani kwetu. Joan ni wakili, na Maya ni karani wake aliyekulia Compton. Ni marafiki, lakini hawasemi sawa, na kipindi hakifichi kwamba tofauti ya usemi ni tofauti ya mishahara. Maya hamwigi Joan. Wala kipindi hakimwachi abaki mcheshi wa kando: anaandika kitabu na kukichapisha, na kitabu hicho kimejaa sauti yake mwenyewe. Mwanzoni mwa kipindi Joan alikuwa na mazoea ya kugeuka na kuwasemesha watazamaji moja kwa moja. Baadaye mazoea hayo yaliachwa. Yumkini waandishi waliona hayahitajiki, kwa kuwa Joan alikuwa na marafiki watatu wa kusema nao. Lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

Aliyepita katika mlango huo ni Issa Rae. Mwaka 2011 alianza kutoa katika YouTube vipindi vifupi vya The Misadventures of Awkward Black Girl. Fedha zilipopungua aliwaomba watazamaji wenyewe, nao wakachanga zaidi ya dola 56,000. Mhusika wake, J, ni mwanamke mwenye haya na wasiwasi, asiyejua aseme nini akikutana na mtu aleaye kwenye ujia wa ofisi. Alivyo kwa nje ni kigugumizi cha tabia. Ndani yake mna msemaji asiyenyamaza, na sauti hiyo ya ndani ndiyo tunayoisikia. Hapo pana ujasiri ambao si rahisi kuuona kama hujui yaliyotangulia. Taswira zote za awali, nzuri na mbaya, zilikubaliana juu ya jambo moja: kwamba mwanamke Mweusi hakosi la kusema. Rae alimleta anayekosa.

Insecure, ambayo Rae aliibuni pamoja na Larry Wilmore na ambayo HBO iliionyesha kuanzia Oktoba 2016 hadi Desemba 2021, iliendeleza jambo hilo kwa mbinu ya kioo. Issa anafanya kazi katika shirika linalosaidia watoto wa shule, ambalo wafanyakazi wenzake karibu wote ni Wazungu. Kipindi cha kwanza kabisa kinamkuta mbele ya darasa la watoto Weusi na wa rangi nyingine, wakimuuliza maswali ya ukatili wa kitoto, na mojawapo ni kwa nini anaongea kama msichana wa Kizungu. Hajibu vizuri. Lakini akifika nyumbani, mbele ya kioo cha bafuni, anatunga mashairi ya kufokafoka, anajaribu sauti mbalimbali, anajitukana, anajisifu, anajikosoa. Watoto wale wangemsikia hapo wangenyamaza.

Wepesi wa kalamu ungetufanya tumwite W.E.B. Du Bois hapa na maelezo yake ya mwaka 1903 juu ya nafsi mbili za Mmarekani Mweusi, ajitazamaye kwa macho ya wengine. Tunadhani hilo halitoshi. Kioo cha Issa hakimwonyeshi macho ya Wazungu. Kinamwonyesha Issa, naye humjibu, na mara nyingi huyo wa kioo ni mkali kuliko mwenyewe. Ni aina ya malumbano ambayo msemaji na mlengwa ni mtu mmoja. Ikiwa kanga ni fumbo linalohitaji jirani, basi hapa mwanamke amekuwa jirani yake mwenyewe. Na lugha anayoitumia hapo haina mtu wa kumridhisha: si mkubwa wa kazi, si watoto wa shule, wala si marafiki. Kwa mara ya kwanza katika mfululizo huu tunaweza kulijibu lile swali la mwanzo, kwamba akibaki peke yake anasemaje. Anasema kwa sauti zote, moja baada ya nyingine, wala hakuna hata moja inayotangazwa kuwa ndiyo ya kweli.

Rafiki yake Molly hana kioo cha namna hiyo. Molly, anayeigizwa na Yvonne Orji, ni wakili katika kampuni kubwa, na tunaambiwa mapema kwamba Wazungu wanampenda na Weusi wanampenda vilevile. Ufundi wake ni kubadili usemi kwa wakati. Katika msimu wa kwanza anafika ofisini mwanafunzi wa sheria aitwaye Rasheeda, kijana Mweusi, mchangamfu, mwenye kucheka kwa sauti na kusema ofisini kama asemavyo kwao. Molly anampenda. Anamvuta kando na kumshauri kwa upole kwamba akitaka kufanikiwa mahali hapa ajue wakati wa kugeuza kidogo namna yake. Rasheeda anamjibu kwamba hakujigeuza siku aliposailiwa na wakubwa, nao wakamchukua, kwa hiyo haoni haja ya kuanza sasa. Anaondoka bila kinyongo. Baadaye wakubwa haohao wanamjia Molly wakimtaka azungumze na kijana huyo.

Hakuna kichekesho katika tukio la mwisho, ijapokuwa kipindi ni cha vichekesho. Ushauri uliokuwa wa dada kwa mdogo wake umegeuka kuwa amri ya ofisi, na maneno ni yaleyale. Molly hakusema uongo. Alikuwa akijua nyumba anamofanya kazi. Lakini Rasheeda naye hakukosea, maana mtihani aliupita kwa sauti yake mwenyewe. Kipindi hakituambii nani ana haki. Mwaka 1979 jaji wa Ann Arbor, Michigan, aliwaamuru wakuu wa shule waizingatie lugha ya nyumbani ya watoto Weusi katika kuwafundisha kusoma, na mwaka 1996 bodi ya shule za Oakland ilizua mjadala wa taifa zima kwa azimio lake juu ya lugha hiyohiyo. Mijadala hiyo ilihusu watoto. Insecure iliuliza kitu ambacho mahakama haikuulizwa: mtoto yule akikua, akasoma sheria, akaajiriwa, nini kinafuata?

Mwandishi wa makala haya hawezi kumtazama Molly kwa mbali. Sisi tunaofundisha Kiswahili sanifu katika vyuo vya Kenya tumemvuta kando Rasheeda wetu mara nyingi, kwa upole na kwa nia njema, tukamwambia lafudhi yake ya nyumbani itamponza. Kisha jioni tumeketi mbele ya televisheni tukacheka. Papa Shirandula, iliyoanza kuonyeshwa na Citizen mwaka 2007, ilikuwa na Awinja, mtumishi wa nyumbani aliyeigizwa na Jacky Vike, na sehemu kubwa ya kicheko ilitoka katika Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kiluhya. Hali zetu si sawa na za Marekani. Awinja alichekwa na Weusi wenzake, wengi wao wakiwa na lafudhi kama yake, na kicheko cha kujitambua si kicheko cha kudhalilisha. Mpaka kati ya vicheko hivyo viwili, hata hivyo, hatujauchora. Auntie Boss ya NTV, iliyobuniwa na Eve D'Souza, iliwaweka yaya mbele na kuwaacha wasemezane wao kwa wao juu ya mabosi wao. Kwa kipimo tulichokitumia hapa, hiyo ni hatua ileile kutoka kwa Beulah hadi kwa Khadijah. Ingefaa mtafiti wetu mmoja akae na kanda za vipindi hivi viwili na kuhesabu ni nani anayemsemesha nani.

Abbott Elementary ya Quinta Brunson, iliyoanza ABC mwezi Desemba 2021, inatukumbusha kwamba msikilizaji anaweza kupatikana hata pasipo neno. Mahali ni shule ya msingi ya Philadelphia isiyo na vifaa vya kutosha, na kipindi kinajifanya kuwa filamu ya kumbukumbu, kamera ikiwafuata walimu. Mwalimu mkongwe Barbara Howard, anayeigizwa na Sheryl Lee Ralph, husema Kiingereza cha kanisa na cha darasani, kilichonyooka, chenye heshima zote. Mkuu wa shule afanyapo upuuzi, Barbara hamjibu. Huitazama kamera. Jicho hilo ni kanga iliyovaliwa: fumbo limefika, shahidi amelipokea, na anayesemwa hana la kulalamikia. Ralph alipata tuzo ya Emmy mwaka 2022 kwa nafasi hii, akiwa mwanamke Mweusi wa pili kuipata katika kundi hilo la waigizaji wasaidizi wa vichekesho, baada ya Jackée Harry mwaka 1987.

Limebaki suala la tafsiri, ambalo katika idara kama yetu haliwezi kuepukwa. Tuseme tumepewa kazi ya kuitia Insecure Kiswahili kwa ajili ya watazamaji wa Afrika ya Mashariki. Molly hatatusumbua sana: ofisini apewe Kiswahili cha taarifa ya habari, na akiwa na Issa apewe Kiswahili cha Nairobi. Ugumu ni Rasheeda. Tukimpa Sheng, tumemfanya kijana mhuni, na Rasheeda si mhuni. Ni mwanasheria aliyefaulu mtihani wake. Tukimpa lafudhi ya kabila fulani la bara, tumemtia katika kundi la Awinja, na watazamaji watacheka kabla hajasema kitu, kama walivyocheka watu wa studio mwaka 1944. Tukimpa Kimvita tumempa lahaja yenye ushairi wa karne nyingi nyuma yake, na ushauri wa Molly utakuwa hauna maana, maana nani atamkanya mtu kwa kusema Kimvita? Na tukimpa Kiswahili sanifu kama cha Molly, tumeyafanya yale wakubwa wa ofisi waliyoyataka.

Nimejaribu kuyatafsiri mazungumzo yale ya wanawake wawili, ambayo hayazidi dakika mbili, mara nne, kwa lahaja nne. Kila mara Molly ndiye aliyebadilika. Katika Sheng alikuwa mama mlezi. Katika lafudhi ya bara alikuwa mwenye dharau. Katika Kimvita alikuwa mjinga. Katika sanifu hakuwa na sababu ya kumvuta kijana kando.